Picha Ndogo Zilizosafiri: Historia ya Zawadi za Mkono, Posta na Maonyesho



Mkifungua kitabu cha sala cha mama yeyote mzee katika parokia zetu, mtaona kimenenepa kwa picha. Mna picha ya ukumbusho wa daraja takatifu ya padri fulani, picha ya komunyo ya kwanza ya mjukuu, picha ya marehemu iliyogawanywa siku ya Misa ya arobaini. Hakuna anayezihesabu. Mwenye kitabu akifariki, ndipo watoto wanapokitikisa, nazo picha zinaanguka chini, kila moja na jina na tarehe nyuma yake, na wazee wanaanza kukumbushana nani alimpa nani.

Tumependa kusimulia hapa historia ya vitu vya namna hiyo: picha ndogo zilizotengenezwa kwa mkono, ambazo watu walipeana bure, walitumiana kwa posta, ao waliziweka katika maonyesho ili feza zake ziwasaidie wahitaji. Pengine mmoja wenu atasema kwamba ni jambo dogo mno kwa sikukuu kubwa. Lakini ndani ya historia hii mna watu waliotiwa gerezani kwa sababu ya karatasi zenye ukubwa wa kiganja, mna mtoto aliyechora juu ya kioo kwa kuwa karatasi hazikupatikana, tena mna mafundi wa nchi yetu wenyewe, wa Bukama na wa Kasai, ambao kazi zao zilifika Ulaya kabla babu zetu wengi hawajaona bahari.

Tuanze katika monasteri, kwani ndiko desturi hii ilikolelewa kwa muda mrefu. Huko Eichstätt, nchi ya Ujerumani, masista Wabenedikto wa monasteri ya Mtakatifu Walburga walichora picha ndogo karibu na mwaka wa 1500. Hawakuwa wachoraji waliofundishwa. Watu wanaofuata sheria za uchoraji wangecheka mikono iliyo mirefu kupita kiasi na nyumba zilizo ndogo kuliko watu waliomo ndani yake. Lakini mtaalamu Jeffrey Hamburger alipozichunguza na kutoa kitabu juu yake mwaka wa 1997, alionyesha kwamba kazi hizo zilikuwa na akili yake zenyewe: masista walichora jinsi walivyosali. Picha ya namna hiyo haikutengenezwa ili itundikwe ukutani na kutazamwa na umati. Ilishikwa mkononi, na ilitoka mkono mmoja kuingia mkono mwingine.

Katika karne ya 17 na ya 18, masista wa Ufaransa, wa nchi za Flandria na za Ujerumani walizidisha ufundi. Walichukua kipande cha ngozi laini ao cha karatasi, wakakitoboa kwa kisu kidogo hata kikafanana na dantela, katikati wakapaka rangi sura ya mtakatifu. Kwa Kifaransa picha hizo zaitwa canivets, jina lililotoka kwa kisu chenyewe. Aliyewahi kujaribu kukata karatasi namna hiyo anajua kwamba kosa moja la mkono laharibu kazi ya siku nyingi. Sista aliipeleka kwa mfadhili wa monasteri, ao kwa ndugu aliyebaki nyumbani, ao kwa mwenzake aliyefunga nadhiri. Hakuandika jina lake. Hata leo tunaziona katika makumbusho ya Ulaya, nazo nyingi hazina mwenyewe.

Kisha mashine zikaja. Katika karne ya 19, wachapaji wa Paris waliokaa karibu na kanisa la Saint-Sulpice walipata njia ya kutoboa dantela ya karatasi kwa chuma, elfu kwa elfu, na picha takatifu ikawa kitu cha kununua kwa senti chache. Hatuwalaumu. Picha walizochapa ndizo zilizofika mikononi mwa wakatekista wetu wa kwanza, zikabandikwa juu ya kuta za udongo, zikafundisha. Lakini tusijifiche kwamba kitu kimoja kilipotea: alama ya mkono wa mtu anayekujua.

Mmoja aliyeshika bado desturi ya zamani katika wakati huo wa mashine ni Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu. Wakristu wetu wengi wanachukua jina lake, lakini si wengi wanaojua kwamba huko Lisieux, katika Karmeli aliyoingia mwaka wa 1888 akiwa na miaka 15, moja ya kazi zake ilikuwa kuchora na kupaka rangi picha ndogo. Alikuwa tena mwandishi wa barua. Mnamo Oktoba 1895 seminari mmoja wa Bayeux, Maurice Bellière, aliomba Karmeli impe sista mmoja wa kumwombea katika wito wake wa umisionari. Akapewa Tereza. Barua zao zilizohifadhiwa ni 21, nazo 10 zimetoka kwa Tereza. Tarehe 25 Agosti 1897, mgonjwa asiyeweza tena kuinuka, alimwandikia maneno machache nyuma ya picha, yakawa ukumbusho wake wa mwisho kwake. Tarehe 29 Septemba Bellière alipanda meli kwenda Algeria kuingia kwa Mapadri Weupe; kesho yake, tarehe 30, Tereza alifariki, mwenye miaka 24. Bellière alitumwa baadaye Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi, akarudi Ufaransa akiwa mgonjwa, akafariki mwaka wa 1907. Hawakuonana uso kwa uso hata siku moja. Papa Pius XI alipomtangaza Tereza kuwa msimamizi wa misioni mwaka wa 1927, watu walishangaa, kwani hakutoka kamwe katika ukuta wa monasteri. Lakini karatasi zake zilitoka.

Mapadri wageni waliozaliwa Ubelgiji watakumbuka vilevile zile soko za hisani za parokia, fancy-fair kama wanavyosema wao, ambamo wanawake waliuza vitambaa vya kufuma, kadi zilizopakwa rangi na vikapu vidogo kwa ajili ya misioni, na watoto wa shule walikusanya tembre zilizokwisha kutumika ili ziuzwe. Kanisa nyingi za Kongo zimepata mabati yake kwa njia hiyo. Hapo picha ndogo ya mkono iliingia katika kazi ya pili, kazi ya kuzaa feza kwa ajili ya wengine, nayo kazi hiyo imeleta maswali ambayo tutayarudia mbele.

Mfano ulio mzuri kuliko yote, kwa maoni yetu, umetoka kwa mtoto. Baada ya vita kuu ya pili, shirika la UNICEF lilipeleka maziwa na vyakula katika vijiji vya Chekoslovakia. Msichana mmoja wa miaka saba, Jitka Samková, alitaka kushukuru. Kwa kuwa karatasi hazikupatikana, alichora juu ya kipande cha kioo: watoto wanacheza kuzunguka mti wa sikukuu, chini ya jua. Picha ilifika kwa wakubwa wa shirika, na mwaka wa 1949 wakaitumia kutengeneza kadi yao ya kwanza ya salamu. Kwa miaka mingi tangu hapo kadi za UNICEF zimeuzwa ulimwenguni kote kwa faida ya watoto. Asili ya yote si mpango wa ofisi. Ni mtoto aliyetaka kusema asante na kuona kwamba mikono yake haina kitu ila rangi.

Katika miaka ya 1950 hiyo hiyo, Mjerumani Arnulf Erich Stegmann, aliyepooza mikono tangu utoto kwa ugonjwa wa polio na kuchora kwa kinywa, aliwakusanya wachoraji wengine wasioweza kutumia mikono. Walifanya chama chao huko Liechtenstein, wakachapa kadi kutoka kwa picha zao, wakazituma kwa posta mpaka milangoni mwa watu. Stegmann alishikilia neno moja: hawaombi sadaka, wanauza kazi. Tungependa kila kamati ya maonyesho ya hisani ilisikie neno hilo. Kuna namna ya kununua picha ya kilema inayomheshimu, na kuna namna inayomdharau, na bei yaweza kuwa ile ile.

Sasa tuvuke bahari hata Marekani. Ray Johnson, aliyezaliwa Detroit mwaka wa 1927, alikuwa msanii aliyeishi New York. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya magazeti na picha, kuvibandika pamoja, kuvichora juu yake, na kuvitia katika bahasha. Katika miaka ya 1950 alianza kuvituma kwa rafiki, na kwa watu asiowajua, na hata kwa watu wenye sifa kubwa. Mara nyingi aliagiza: ongeza kitu, kisha mtumie fulani, ao unirudishie mimi. Basi picha moja ilipita mikono mitano ao sita, na kila mkono uliacha alama yake. Mwaka wa 1962 rafiki yake Ed Plunkett aliupa mtandao huo jina la kuchekesha, "New York Correspondance School", yaani shule ya kuandikiana, lakini neno la kuandikiana limeendelezwa kwa makusudi ili ndani yake isomeke dansi. Mwaka wa 1970 makumbusho ya Whitney ya New York ilifanya maonyesho ya vitu hivyo. Mwaka wa 1973 Johnson mwenyewe aliandikia gazeti la New York Times, idara ya matangazo ya vifo, kwamba shule yake imekufa; lakini hakuacha kutuma. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1995.

Kwa nini watu wazima walijitia katika mchezo huu? Jibu liko katika sheria ambazo wafuasi wa sanaa ya posta walizishika pole pole katika nchi zote. Mtu akitangaza maonyesho, sherti apokee yote yanayokuja, asichague. Haombi malipo ya kuingia. Harudishi kazi, lakini sherti ampelekee kila mtumaji orodha ya walioshiriki. Fikirini maana yake. Katika nyumba za sanaa za miji mikubwa, mlangoni pana mtu anayesema huyu aingie, huyu abaki nje. Katika sanaa ya posta mlango huo umeondolewa. Mchoraji wa Recife na mchoraji wa Tokyo wana haki sawa, kila mmoja kwa bei ya tembre moja. Ni kweli kwamba kwa sheria hiyo yaliingia pia makapi mengi. Tumeona vitabu vya maonyesho hayo, na hatutasema kwamba kila ukurasa unapendeza. Lakini mwenye kufungua mlango kwa wote hachagui wageni wake.

Serikali za mabavu zilifahamu upesi nguvu ya jambo hilo. Mwezi wa Agosti 1976, huko Recife katika Brazili iliyotawaliwa na askari, Paulo Bruscky na Daniel Santiago walifungua maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya posta ndani ya jengo kuu la posta lenyewe. Polisi waliyafunga mara baada ya kufunguliwa, na wenye kuyatengeneza wakakamatwa. Mwaka uliofuata, Uruguay, Clemente Padín na mwenzake Jorge Caraballo walitiwa gerezani kwa ajili ya kadi na mihuri waliyotengeneza. Padín alikaa humo hata mwaka wa 1979. Ndipo mtandao ulipoonyesha kazi yake. Wachoraji wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawakumwona Padín hata siku moja, walituma barua na kadi kwa wakubwa wa Uruguay, wakidai afunguliwe. Katika Ujerumani ya Mashariki, Robert Rehfeldt wa Berlin alituma kadi zake akijua kwamba polisi wa siri wanafungua bahasha. Alituma tu. Barua ambayo polisi ameisoma bado inafika, nayo inafika imebeba msomaji mmoja zaidi.

Tuje kwa jambo lililo jipya zaidi. Katika mji wa Zürich, Uswisi, msanii M. Vänçi Stirnemann alikuwa na duka la vitabu. Aliona jinsi watoto wanavyobadilishana kadi za wachezaji, akajiuliza kwa nini watu wazima wasifanye hivyo kwa kazi za mikono yao. Akatengeneza kadi 1200, kila moja tofauti na nyingine, zote za kipimo kimoja: milimita 64 kwa 89, kipimo cha kadi ya mchezo. Mwaka wa 1997 akazionyesha katika duka lake, akawaambia waliokuja kutazama: asiyekuwa na kadi hawezi kupata yangu, nendeni nyumbani, mtengeneze zenu, mje siku ya mwisho tubadilishane. Walikuja. Mwaka ule ule Don Mabie wa Calgary, Kanada, aliyekuwa mtu wa sanaa ya posta tangu zamani, alipeleka desturi hiyo kwao, na kutoka hapo ikaenea. Wasioweza kukutana walibadilishana kwa posta: watu kumi wanatuma kila mmoja kadi kumi kwa mmoja wao, naye anazigawanya na kuwarudishia, ili kila mtu apate kadi kutoka kwa kila mwenzake.

Sheria ya Stirnemann ni moja na ni kali: kadi hizi haziuzwi, zinabadilishwa tu. Nyuma yake sherti mtu aandike jina lake na tarehe, na kama amefanya nyingi za jamii moja, aweke hesabu. Baadaye walitokea watu walioona kwamba vitu vizuri hivyo vyaweza kuleta feza, wakaanza kuviuza. Wenye desturi ya kwanza wakawaambia wavipe jina lingine, na ndivyo ilivyokuwa. Sisi tunawaunga mkono wale wa kwanza. Kitu kikiisha kupewa bei, mwenye mkono hodari anaanza kuhesabu hasara anapobadilishana na anayeanza. Pasipo bei, mwalimu wa chuo cha sanaa na mtoto wa miaka tisa wanasimama mbele ya meza moja, kadi moja kwa kadi moja.

Lakini je, wahitaji? Hapa ndipo pana ugumu wa kweli. Bila kuuza, hakuna feza ya kusaidia mtu. Chuo cha sanaa cha London, Royal College of Art, kilipata njia yenye akili mwaka wa 1994. Kiliomba wasanii wenye sifa na wanafunzi wake wachore kila mmoja juu ya kadi ya posta na kutia sahihi nyuma tu. Kadi zote zilionyeshwa pamoja na kuuzwa kwa bei moja, na mnunuzi hakujua jina mpaka alipokwisha kulipa na kugeuza kadi. Miongoni mwa waliotoa walikuwamo David Bowie, mwimbaji, na Damien Hirst. Watu walilala nje barabarani ili wawe wa kwanza kuingia. Feza zilikwenda kuwasaidia wanafunzi. Mwaka wa 1998, huko New York, shirika la Visual AIDS, ambalo lilianzishwa wakati ukimwi ulipokuwa unaua wasanii wengi wa mji ule, lilianza maonyesho ya namna hiyo hiyo, "Postcards from the Edge", kwa ajili ya kazi zake.

Kuficha jina kwa muda ni hila njema. Tajiri analazimika kutazama kwa macho yake mwenyewe badala ya kutazama kwa masikio. Mwanafunzi asiyejulikana anauzwa kwa bei ya msanii mkubwa. Hata hivyo haikosi walaji: wamekuwako walionunua kadi kwa hisani, na kisha wakaiuza mnadani kwa bei ya juu sana. Na tuangalie neno moja. London jina limefichwa, lakini limeandikwa. Mnunuzi akigeuza kadi analikuta. Masista wa canivets hawakuandika kitu, kwa hiari yao, kwa unyenyekevu. Kati ya jina lililofichwa kwa muda, jina lililoachwa kwa hiari, na jina lililopuuzwa na wengine, pana tofauti kubwa, na sisi wa nchi hii tuna sababu ya kuijua.

Mwaka wa 1926, Georges Thiry, kijana Mbelgiji mtumishi wa serikali ya koloni, alifika Bukama, juu ya mto Lualaba, pale reli iliyotoka Élisabethville ilipofika mwaka wa 1918. Aliona nyumba zilizochorwa kutani: wanyama, watu, miti. Mvua ya kwanza ingezifuta. Akauliza ni nani aliyechora, akaonyeshwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga meno ya tembo. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji, akamwomba achore juu ya karatasi yale aliyochora kutani. Mke wake Antoinette Lubaki naye alichora. Kisha katika Kasai, huko Ibanche, Thiry alikuta mshonaji wa nguo, Tshyela Ntendu, ambaye Wazungu waliandika jina lake Djilatendo; hata leo linaandikwa kwa namna nyingi katika vitabu. Karatasi zao zilikuwa kubwa kuliko kadi tulizozisimulia, lakini zilikuwa nyepesi vya kutosha kusafiri kwa posta, na posta ndiyo iliyozifikisha Bruxelles, kwa Gaston-Denys Périer, mtumishi wa Wizara ya Makoloni aliyependa sanaa za Kongo na kuzitetea mbele ya Wazungu waliozidharau.

Aliyeona kazi za Lubaki hazisahau. Ukingo wa rangi umezunguka karatasi, na ndani yake nyoka, ndege, mti, mwindaji, kila kitu kimewekwa peke yake juu ya weupe, bila ardhi na bila mbingu, kana kwamba karatasi bado ni ukuta wa nyumba. Djilatendo alipenda mistari na miraba inayofanana na nguo za Kasai, na kati yake akamweka chui, ao Mzungu, ao motokari. Mwaka wa 1929 kazi hizo zilionyeshwa Bruxelles katika jumba la Palais des Beaux-Arts. Mwaka wa 1930 zilionyeshwa Genève katika makumbusho ya ethnografia. Mwaka wa 1931 kilitoka Bruxelles kitabu cha hadithi kiitwacho "L'éléphant qui marche sur des œufs", kilichoandikwa kwa jina la Badibanga, na picha zake ni za Djilatendo.

Turudi sasa kwa sheria za sanaa ya posta, maana hapa ndipo tunapoweza kupima. Karatasi nyeupe zilitoka Ulaya, karatasi zenye picha zilitoka Kongo. Njia ilikuwa moja, lakini haikuwa ya kubadilishana. Lubaki hakupokea picha kutoka kwa mchoraji wa Bruxelles. Hakwenda kuyaona maonyesho yake. Mwenye kuchagua, mwenye kuweka bei na mwenye kuandika katika magazeti walikuwa watu wengine, hata wale waliompenda kweli, kama Thiry na Périer walivyompenda. Na siku Thiry na Périer walipokosana, wachoraji ndio waliopata hasara, kwani hawakuwa na anwani nyingine ya kupelekea kazi. Karatasi zikakoma kufika. Mtu aliyekuwa na wasomaji wa picha zake katika miji ya Ulaya alirudi kuwa fundi wa mahali pake, na majina yao yakalala katika makabati ya makumbusho na ya maktaba kwa zaidi ya nusu karne.

Baada ya vita, Élisabethville ilipata nyumba za sanaa. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake iliyoitwa Le Hangar, ambamo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga walifanya kazi. Hiyo ni historia nyingine, yenye wasimulizi wake. Tunaitaja kwa sababu moja tu: hao majina yao hayakupotea, kwa kuwa walitia sahihi, na kwa kuwa walikuwa wengi mahali pamoja.

Mwaka wa 2015, nyumba ya Fondation Cartier huko Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, yaliyotengenezwa na André Magnin na kuitwa "Beauté Congo, 1926–2015, Congo Kitoko". Hesabu ya miaka ilianza na 1926, yaani ilianza na Bukama. Albert Lubaki, Antoinette Lubaki na Djilatendo walikuwamo, kila mmoja kwa jina lake. Na mwaka wa 2022, katika maonyesho ya kimataifa ya Venice yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, ambamo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa mara ya kwanza, karatasi za Antoinette Lubaki ziliwekwa mbele ya watu wa dunia yote. Ni zile zile rangi za maji zilizopakwa karibu na Lualaba, juu ya karatasi iliyofika kwa mfuko wa posta.

Katika parokia zetu barua nyingi zinasafiri leo kwa mkono wa msafiri, na picha za simu zinafika kabla mtu hajamaliza kusalimia. Wageni wetu watarudi Ulaya, Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, kila mmoja na picha ya yubile ndani ya kitabu chake cha sala. Tunawaomba vijana wanaochora wawape na ya mkono, milimita 64 kwa 89, karatasi ngumu, rangi yoyote iliyopatikana. Nyuma yake waandike jina lote, mahali na tarehe, na anwani ambayo jibu laweza kuifikia.